Kupaka makete ya kamyo mpaka ifanane na ile inatoka Masisi

Kuko watu mingi hapa Goma wenye wako na makete ya plastiki mu kartoni, kamyo, jipu, ndege, walishabandika piesi zote muzuri kabisa na kiisha wanasimama pale pale, ju kupaka rangi inawatisha, wanaona wataharibu. Na wenye wanajaribu, mara mingi wanafwata video za watu wa Ulaya bila kubadilisha kitu, wanajaza gari matope ya kahawia, wanaiweka mu saloni, na kila mutu mwenye anaingia anaona hii gari haijapitaka huku hata siku moja. Mimi hiyo inaniuma, ju tuko na vumbi yetu, ya volkano, ya kijivu nyeusi, na iko bure mu kila barabara. Kwa hiyo nitaeleza namna ya kupaka kamyo ya plastiki tangu kuosha mpaka vumbi ya mwisho, na vitu vyenye unaweza kupata Birere, kartiye ya biashara ya Goma, kwa farmasi ao ku saloni ya nywele, na pale penye inafaa kweli kununua kitu ya makete yenyewe nitasema pia.

Mufano wangu itakuwa kamyo ya 1/24, maana yake sentimita 1 ku makete iko sentimita 24 ku kamyo ya kweli. Italeri iko na kamyo mingi za Ulaya za kipimo hiyo, Tamiya ilitoshaka Land Cruiser 80 ya 1/24 yenye kila mutu hapa anaitambua kwa sura, na Aoshima iko na kamyo za Japani za 1/32, mu hizo kuko hata Fuso. Kama yako iko 1/35 hakuna shida, kazi iko ile ile. (Hiyo 1/35 yenyewe ilianzaka na kifaru Panther ya Tamiya, mu mwaka 1961, walipima mwili yake kufwatana na moteri na mapile yenye ilipashwa kuingia ndani, na kipimo ikabaki mpaka leo dunia yote.)

Toka inje kwanza

Mbele ya kufungua kopo ya rangi, enda ku barabara ya Sake wakati kamyo za makala na za viazi zinaingia mu muji. Piga foto na telefone, lakini omba shofere kwanza, na usipige penye kuko askari. Na usipige kamyo nzima tu, piga za karibu: mulango, ngazi ya kupandia, tangi ya mazutu, nyuma ya mipira.

Utaona vitu vyenye haviko mu video yoyote. Vumbi haikalake sawa fasi yote, inakaa penye kulala, ku juu ya kabini, ku bompa, mu vikona, lakini ku kitasa ya mulango na pembeni yake, penye mukono inapita kila siku, rangi iko inang'aa na iko safi. Ku kioo ya mbele kuko nusu duara ile esiuglasi inachora. Chini ya kifuniko ya tangi kuko mustari nyeusi wenye kung'aa, wa mazutu yenye ilimwangika, na vumbi inashikamana pale mpaka inakuwa kama ngozi. Na kitu moja yenye mimi ninaipenda sana: kamyo yenye inatoka milima ya Masisi inabeba udongo mbili. Ndani kabisa ya magaraba, juu ya mipira, kuko matope ya kahawia nyekundu ya kule juu yenye ilishakauka, na juu yake kuko vumbi ya kijivu ya volkano yenye iliichukua tangu Sake mpaka mu muji. Mutu akiona hizo rangi mbili zikifwatana anajua hiyo gari ilitoka wapi, hauna lazima ya kumwambia.

Hizo foto njo plani yako. Kila mara utajiuliza "hapa niweke vumbi ao hapana," fungua telefone uangalie, usifikiri tu mu kichwa.

Kuosha, kukata, kusugua

Plastiki ikitoka mu kiwanda inakuwa na mafuta kidogo yenye wanapakaka mu mule ili piesi zitoke bila kukwama, na rangi haishike juu ya mafuta. Inafaa uoshe grapi zote (ile mifupa ya plastiki yenye inashikilia piesi) mu maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, brosi ya meno ya zamani, kiisha uache zikauke zenyewe. Maji ya moto sana hapana, itapinda piesi nyembamba. Kama ulishabandika bila kuosha, osha vile vile, polepole.

Ukikata piesi ku grapi usikate karibu sana mara ya kwanza, acha kakipande, kiisha kata tena, kiisha sugua na papiye vere. Anzia 400 kama kuko kanundu kakubwa, kiisha 600, kiisha 1000, na utie maji kidogo ku papiye, inasugua muzuri na vumbi ya plastiki haikuingie mu pua. Penye kuko pengo kati ya piesi mbili unaweza kutengeneza mastiki yako: kata vipande vya grapi vidogo vidogo, vitie mu kachupa ka kole ya makete yenye kubaki kidogo, kesho yake vitakuwa vimeyeyuka na iko uji wa plastiki ya rangi ile ile. Inakauka polepole, acha siku nzima mbele ya kusugua.

Usibandike kila kitu mbele ya kupaka. Kabini iache mbali na shasi, mipira mbali, vioo mbali, viti mbali, ju pinso haitaingia. Vioo vya plastiki visiguswe na super glue hata kidogo, moshi yake inavifanya kuwa nyeupe na haitoke tena. Vioo vinashikwaka na kole nyeupe ya mbao, ile ikikauka inakuwa safi kama haiko.

Na angalia mipira. Mu makete mingi ya kamyo mipira iko ya vinili laini, na hiyo vinili inatosha mafuta yake polepole yenye inakula plastiki ya rimu, baada ya muda utakuta rimu imelainika penye zinagusana. Paka rimu rangi na verni hata pale ndani penye hakuna mutu ataona, mbele ya kuvalisha mupira. Na mupira ya vinili usiipake rangi ya mafuta, haitakauka hata siku moja, itabaki inanatanata.

Rangi zenyewe

Hapa njo watu wanapotezaka franga, kwa hiyo nitakaa kidogo. Rangi ziko mu familia tatu na ukizichanganya vibaya zinapigana. Ya kwanza ni akriliki. Ya pili ni rangi ya mafuta, kama Humbrol ile ya mu kakopo ka mililita 14, inachanganywa na waiti spiriti na inakauka polepole, masaa 24 ao zaidi. Ya tatu ni ile kali, rangi ya magaraji yenye wenye karosari wanaita selulozi, na za makete zenye ziko za namna hiyo. Kanuni yenyewe iko nyepesi: ile kali inaingiaka chini, ile laini juu. Selulozi chini, akriliki juu yake, hakuna shida. Akriliki chini na selulozi juu, itakunjamana, na kazi yote inaharibika mbele ya macho yako.

Akriliki nazo haziko sawa. Tamiya inapenda kuchanganywa na dilia yake (ile dawa ya kulainisha rangi) ao na alkoli isopropili, na ku pinso iko nguvu ju inakauka mbio na kushi, yaani tabaka ya rangi, ya chini inatoka wakati unapitisha ya juu. Vallejo ya mu kachupa inachanganywa na maji, na ku pinso iko muzuri sana, lakini usiitilie alkoli, inaganda papo hapo inakuwa vipande vipande kama mupira. Kama hauna aerografu (mashini ya kupuliza rangi na hewa) na uko unaanza, tafuta Vallejo ao nyingine ya maji, omba mutu mwenye anatoka Nairobi, Kampala ao Ulaya akuletee, na haulazimike kununua rangi makumi mawili. Nyeupe, nyeusi, rangi ya kabini yako, kahawia ya kutu, kijivu, na rangi ya bashi, hizo sita zinatosha kwa kamyo nzima.

Mutu atakuambia uchukue bombi ya magaraji, ile rangi ya kupuliza. Inawezekana, mimi nakubali kwa apre (rangi ya chini ya kwanza), lakini inafaa ujue iko kali na inaweza kula plastiki: shika mbali sentimita 25 ao 30, pitisha mbio mbio, ukungu tu, acha dakika kumi, pitisha tena, na kushi ya kwanza isifunike. Ukilowesha mara moja, plastiki inapasuka-pasuka kamistari kadogo kadogo na hakuna kitu ya kuirudisha. Jaribu kwanza ku grapi yenye ilibaki, kila mara, hata kama bombi ni ile ile ya mwezi uliopita. Na aseto, pamoja na ile ya kutosha verni ya makucha yenye iko na aseto ndani, isikaribie makete, inayeyusha plastiki hiyo kabisa.

Apre, yaani ile rangi ya chini, usiiruke. Ya kijivu iko muzuri ju inakuonyesha makosa: mikwaruzo, kole yenye ilimwangika, mapengo. Ukiona, sugua, paka tena pale. Kiisha njo rangi ya kabini.

Ku pinso: chukua ya bapa, ya nyuzi laini za sentetiki, milimita 8 ao 10 kwa mahali pakubwa. Rangi isitoke mu chupa ikaenda moja kwa moja ku gari, iweke ku sahani, tia maji kidogo kidogo mpaka ipate uzito wa maziwa. Lowesha pinso, panguza ku pembeni ya sahani, vuta mustari moja mpaka mwisho, na usirudilie pale penye umeshapita hata kama unaona haijafunika. Kushi ya kwanza itaonekana mubaya, mistari mistari, plastiki inaonekana chini, na watu wengi wanakata tamaa pale ao wanaongeza rangi nzito juu, wanajaza mifereji ya milango. Iache. Nusu saa, kiisha kushi ya pili ikienda upande mwingine, kama ya kwanza ilishuka hii ya pili ilale, kiisha ya tatu. Ya tatu njo inafunga. Ku rangi ya njano na nyekundu itaomba hata tano, ju hizo ziko dhaifu kwa kufunika, njo maana mimi chini yake ninapakaka rozi ao nyeupe kwanza.

Siku za jua kali rangi ya maji inakauka ku sahani mbele umalize mulango moja. Tia spongi ya maji mu kabakuli ka bapa, weka juu yake karatasi ile ya kuokea mikate, rangi iweke juu ya karatasi, unyevu unapanda polepole na rangi inakaa masaa na masaa.

Kwa mwenye ana aerografu: sindano ya 0.3, presha kama bar 1 mpaka 1.4, rangi nyembamba zaidi kuliko ya pinso, na kushi za ukungu. Chukua kompresa yenye iko na tangi, ju umeme ukikatika kati ya kushi unakuwa bado na hewa ya kumaliza na ya kusafisha sindano. Fungua madirisha, vaa masiki ya kartushi, siyo ile ya kitambaa, na usifanye hiyo kazi karibu na mbabula yenye iko na moto, hizo dilia zinawaka.

Haukubaliwe kupaka nyeusi safi ao nyeupe safi ku kitu kidogo. Kitu kidogo kinaonekana kama kitu chenye kiko mbali, na mbali rangi zinapauka. Mipira ipake kijivu ya giza sana, bompa nyeusi itie nyeupe tone moja. Utaona tofauti papo hapo.

Mikwaruzo, kwa kutumia laki ya nywele

Fasi yenye rangi inatoka ku kamyo ni chini ya karosari penye magunia yanavutwa, ngazi, kona za milango, bompa, na kila penye kamba inafungwa. Fanya hivi: chini paka rangi ya chuma ya giza ao kahawia ya kutu, funika na verni, acha ikauke usiku nzima. Kiisha pitisha laki ya nywele ya bombi, ile ya saloni, mara mbili nyepesi, ngoja dakika ishirini. Juu yake rangi ya kamyo, akriliki, kushi nyembamba. Ikishakauka, mu ile saa moja ao mbili, lowesha fasi na maji ya vuguvugu, ngoja kidogo, na anza kusugua na brosi ya meno yenye umekata nyuzi ikawa fupi. Maji yanaingia, laki inayeyuka, rangi ya juu inabanduka yenyewe, na kutu inaonekana kama vile ilitoka kwa kazi ya miaka. Kijiti ya meno kwa mistari mirefu ya magunia. Tamiya inabanduka vidogo vidogo muzuri; Vallejo inabanduka makubwa makubwa ju iko na mupira ndani, kwa hiyo uende pole.

Usiweke kutu kila mahali. Kamyo yenye inafanya kazi kila siku hapa kwetu haina kutu ku mulango mzima, iko na mikwaruzo penye inaguswa tu. Angalia foto zako.

Kwa mikwaruzo midogo, kata kapande ka spongi ya godoro, tia rangi ya giza kidogo, gusa-gusa ku karatasi mpaka ibaki karibu hakuna, kiisha gusa kona. Inatosha.

Verni, dekale na maandishi

Dekale, zile picha za kubandika zenye zinakuja na makete, haishikake juu ya rangi mati, yenye haing'ae, hewa inabaki chini yake na inaonekana nyeupe nyeupe. Kwa hiyo verni ya kung'aa kwanza, hata kama ku mwisho unataka mati. Dekale iingie mu maji ya vuguvugu sekunde ishirini hivi, iache nje ya maji mpaka iteleze yenyewe, isukume toka ku karatasi yake, kausha na kotontije (kijiti chenye pamba) ukianzia katikati. Kuko dawa mbili za Microscale, Micro Set inaingia chini, Micro Sol juu, ya pili inalainisha dekale mpaka inaingia mu kila kamufereji, na wakati inafanya kazi dekale inakunjamana: usiiguse, itarudi sawa. Kama hauna ya kwanza, siki nyeupe yenye umetia maji inasaidia.

Kamyo zetu zinaandikwaka, mbele, nyuma, juu ya kioo. Bila maandishi kabini inabaki uchi. Chora kwa mukono na pinso ya 000 na rangi ya maji yenye umelainisha, anzia katikati ya neno ukienda pembeni ili isikose fasi, na kama herufi imekwenda vibaya kotontije yenye maji inaipanguza ju verni iko chini. Kiisha verni nyingine ya kufunga.

Maji ya rangi mu mifereji

Rangi ya mafuta ya tibi, ya wachoraji, kahawia ya giza na nyeusi kidogo, itie mu waiti spiriti mpaka inakuwa maji machafu. Kapinso kadogo, gusa tu pale mufereji wa mulango unaanza, utaona rangi inakimbia yenyewe mpaka mwisho. Hiyo dakika mimi ninaipenda kila mara, kabini ya plastiki inageuka kuwa ya chuma yenye ilichomelewa. Ngoja nusu saa, panguza na kotontije kavu ukishuka chini tu, toka juu kwenda chini, ju mvua njo vile inachoraka. Fanya yote juu ya verni. Waiti spiriti ikiingia ku plastiki tupu penye kole iliibana, inaweza kuipasua.

Vumbi ya Goma

Sasa tunafika. Vumbi chukua siku ya kiangazi, kando ya barabara, mbali na garaji ju ile ya mafuta haifai. Ao okota jiwe ya volkano, ile nyepesi yenye mashimo mashimo, fasi yoyote ziko, lava ya 2002 ilipita mu muji mpaka ku ziwa, ile ya 2021 ilifika Buhene. Ifunge mu kitambaa, ponda na nyundo, kiisha isage mu kopo ya chuma, siyo mu kinu ya mama. Vaa masiki, hiyo unga iko mubaya ku mapafu.

Ichome kidogo mu kopo juu ya makala mpaka unyevu utoke. Kiisha chuja na soksi ya nailoni ya wanawake. Yenye inapita, chuja tena na nailoni mbili pamoja. Hapa hesabu iko na maana: kajiwe ka milimita 1 mu 1/24 iko jiwe ya sentimita 2.4, mu 1/35 iko ya sentimita 3.5. Vumbi yenye unaisikia ku vidole kama muchanga, ku makete itaonekana kama kokoto yenye ilibandikwa ku mulango. Yenye inafaa kwa gari ni ile yenye inashika ku kidole na hauisikie. Ile ya kubaki usitupe, njo ardi ya chini ya gari.

Rangi yake peke yake ku makete inaonekana nyeusi sana. Saga chaki nyeupe ya shule, changanya kidogo kidogo mpaka ipate ile kijivu yenye uliona ku foto. Tengeneza tatu mu tukopo tutatu: yenye giza, ya katikati, na yenye kupauka. Udongo wa nyekundu wa Masisi uchuje vile vile, omba shofere akuletee mufuko, atashangaa lakini ataleta.

Verni mati iende ku gari nzima mbele, ju unga inahitaji fasi ya kushika. Siku ya mvua usipulize verni mati, unyevu unaifanya kuwa na ukungu mweupe. Ngoja jua, tikisa bombi muda murefu, jaribu ku grapi.

Kiisha anza na nyekundu. Changanya udongo na kole nyeupe na maji mpaka inakuwa tope, ishindilie ndani ya magaraba na nyuma ya mipira na pinso ya zamani, iache ipasuke ikikauka, hiyo kupasuka njo tunataka. Kwa madoa yenye iliruka, lowesha pinso ngumu na tope nyepesi, vuta nyuzi na kijiti zirushe toka chini kwenda juu na nyuma, kufwata namna mupira inazunguka. Funika vioo.

Ikishakauka kabisa, njo kijivu, na hii inaenda kavu. Chukua pinso laini, tia unga, iweke ku kila penye kulala: juu ya kabini, bompa, ngazi, bashi, juu ya tangi, mu kona za karosari. Weka mingi kuliko unafikiri, ju sehemu itapotea. Kiisha pinso nyingine na waiti spiriti, usipake, gusa tu pembeni ya unga, itajivuta yenyewe ndani. Itakuwa nyeusi kabisa na utaona kama umeharibu. Acha, ikikauka inarudi kijivu. Kwa hiyo usiongeze mbele ya kukauka. Kiisha na kidole kavu panguza penye mukono ya watu inapita, kitasa, ngazi katikati, fasi shofere anaegemea kiwiko ku dirisha. Usipulize verni juu ya hii unga, itaimeza na itabaki doa tu.

Vumbi yenye kupauka ni ya mwisho, kidogo, juu kabisa. Yenye giza iko ya mipira na shasi. Ku kioo ya mbele kata kakaratasi ka nusu duara, kabandike na kole nyeupe kidogo sana, weka vumbi, tosha karatasi: ile fasi ya esiuglasi inabaki safi. Ku tangi, rangi ya mafuta ya kahawia na tone ya verni ya kung'aa, mustari moja toka kifuniko kwenda chini.

Muzigo

Kamyo tupu inatoka wapi? Gunia ya makala inatengenezwa hivi: viringisha kitambaa chembamba, kama cha chandarua cha zamani, juu ya kipande cha spongi, paka kole nyeupe, kifunge juu na uzi kwa kuvukavuka, na mu mudomo yake shindilia majani makavu yenye umesaga, ju makala zetu zinafungwaka na majani juu. Makala yenyewe ponda ya kweli, hakuna rangi inashinda. Panga magunia mpaka yapite kabini, funga kamba kweli kweli toka kulabu moja mpaka nyingine, usizichore.

Na kama uko na nguvu, tia tshukudu, ile trotinete ya mbao ya kubeba muzigo, pembeni. Ya mita 2 ku 1/24 inakuwa kama sentimita 8, mbao ya kijiti cha brosheti, magurudumu ya kipande cha mti yenye umezungusha utepe wa mupira wa chambre ya baiskeli. Usiipake rangi, ipake maji ya rangi tu, na vumbi.

Mirwaa za pembeni na antene bandika za mwisho kabisa, ju zinavunjika kila mara. Antene: shika kipande cha grapi juu ya mushumaa mpaka kilainike, tosha ku moto, vuta mikono mbili polepole, inakuwa uzi, ukivuta mbio inakuwa nyembamba zaidi. Kata, bandika. Kiisha gari iende chini ya boksi ya plastiki ao ya kioo, mbali na dirisha yenye jua inapiga ju dekale zinageuka njano, na usiiache mu gari ao karibu sana na bati, joto ya muchana inapinda kabini.